Simu Yenye Plasta

Kwenye droo ya mama yangu kule Kariobangi, Nairobi, kuna simu ya manjano iliyobandikwa plasta. Simu yenyewe haina ufa. Plasta ni ile ya kidonda, imekatwa kwa mkasi ikatosha kufunika kitufe kimoja tu kati ya vitufe vyote vya kibodi yake. Mama alikifunika mwenyewe mwaka 2019, kwa hasira, na hadi leo akiitoa simu hiyo kuipa chaji hataki mtu aibandue.

Zamani ilikuwa simu yangu. Niliinunua barabara ya Luthuli, kwenye maduka ya simu, mwaka 2013, Nokia Asha 210, wakati nikimfanyia kazi mama mmoja muuza mitumba katika soko la Gikomba. Siku hiyo nilikuwa nimeenda kutafuta simu yoyote ya bei ya chini yenye intaneti. Kijana wa duka akatoa hii ya manjano chini ya kioo, akaiweka juu ya kaunta na kuniambia, "Madam, hii ni ya WhatsApp. Finya hapa." Nikafinya. Kulikuwa na kitufe kizima, kwenye kibodi yenyewe, chenye alama ya kile kipovu kilichobeba kisimu. Sikuuliza betri wala kamera. Nililipa.

Ukweli ni kwamba ndani yake mlikuwa na mambo mengine: kamera ya megapikseli 2, redio, hata Facebook. Lakini hakuna aliyeiita kwa jina lake. Kila aliyeishika alisema, "Aa, hii ndiyo ile ya WhatsApp." Ilikuwa ya 2G, hivyo mtu akikutumia picha ulifinya kuifungua, ukaenda kuinjika chai, ukarudi. Kupiga simu kwa WhatsApp haikujua. Na nikikumbuka sasa, kitu kilichonipendeza zaidi sikukiona wakati ule: ukishasoma ujumbe wako wote, ulikuwa umemaliza. Hakukuwa na kitu kingine chini yake. Unaiweka mfukoni unaendelea kukunja suruali.

Kabla ya hapo mimi na wenzangu tulikuwa watu wa saiba, yale maduka ya kulipia intaneti. Kulikuwa na moja ghorofani, barabara ya Tom Mboya, ngazi zake zikinuka mkojo, bob moja, yaani shilingi, kwa dakika. Ulikuwa unaingia Facebook na bob zako ishirini, na kwenye pembe ya skrini kuna kisanduku kinahesabu: kumi na mbili, kumi na tatu. Hakuna aliyekaa saibani kutazama maisha ya mtu asiyemjua. Ulikuwa umeandika majibu yako kichwani tangu ukiwa kwenye matatu. Ukifika unayamwaga, unatazama nani amekuomba urafiki, unatoka. Watu huwa wanasema siku hizo tulikuwa na nidhamu. Nidhamu gani? Tulikuwa na bob ishirini.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba wenzetu huko Marekani walishakijaribu kitu hiki, kifaa cha kazi moja, kwa ukamilifu zaidi. Mwaka 2009 kampuni iitwayo Peek, iliyokuwa tayari inauza kifaa cha barua pepe peke yake, ilitoa kifaa cha Twitter peke yake. TwitterPeek, dola 99 pamoja na huduma ya miezi sita, au dola 199 uhudumiwe maisha yako yote. Hakikupiga simu. Kilisoma na kuandika twiti, basi. Tena hata hapo kwenye kazi yake moja kilikwama, maana kwenye orodha kilikuonyesha maneno ya mwanzo tu ya kila twiti, ukitaka zingine lazima ubonyeze. Twiti ya herufi 140! Ni kama kununua sufuria isiyoingia mwiko. Mwanzoni mwa 2012 huduma ikazimwa, na wale wa maisha yote wakagundua ni maisha ya nani yaliyokuwa yanahesabiwa.

Nilicheka niliposoma hivyo, lakini si sana, kwa sababu na mimi nilinunua kitufe.

Kuna kitu kingine kuhusu mwaka ule wa 2013 ambacho hunichekesha zaidi. Mwezi huohuo wa Aprili ambao Nokia walitangaza Asha 210, HTC nao walitoa simu iitwayo First, ya watu wa Facebook. Ukiiwasha tu, hata kabla hujaifungua, picha na habari za marafiki zako zinapita kwenye skrini zenyewe. Iliuzwa Marekani dola 99 kwa mkataba wa miaka miwili. Haukupita hata mwezi mmoja ikashushwa hadi senti 99. Nikiziweka hizo simu mbili kwenye mizani yangu, naona hivi: Asha iliipa WhatsApp mlango, ile nyingine iliikabidhi Facebook nyumba nzima, mwenye nyumba akabaki mgeni. Mtu hapendi kualikwa kwake mwenyewe.

Ila tuache ya Marekani, nirudi kwa mama.

Mwaka 2016 nilianza kuuza nguo zangu mwenyewe, nikanunua simu ya kupangusa, na ile ya manjano nikampa. Mama yangu hakuwa mtu wa simu. Alikuwa na mulika mwizi yake ya kupokea M-Pesa na kumulika chooni stima zikipotea. Nikamwambia, "Mum, hii ni rahisi, ukitaka kuongea na watu wa chama chenu cha kuchangiana unafinya hapa." Akafinya. Hakuhitaji somo la pili. Nimejaribu kumfundisha mambo mengi kwenye simu nilizomletea baadaye, na kila mara anakwama palepale: nianzie wapi? Anaiona skrini imejaa vialama kama mtu aliyeingia soko asilolijua. Lakini kwa kile kitufe hakuna swali la kuanzia wapi. Alikuwa anakaa kwenye stuli nje ya mlango, miwani imeshuka puani, anaandika kwa ukucha wa kidole cha shahada, herufi moja moja, "Mungu awabariki wote mliochanga." Baada ya mwaka na nusu alama ya kile kipovu ilikuwa imefutika kabisa, kitufe kimebaki laini kama kokoto ya mtoni.

Halafu WhatsApp wakatangaza kwamba simu za aina hiyo, zinazotumia mfumo wa Nokia S40, zitaachwa mwisho wa Desemba 2018. Mimi niliziona habari hizo nikasahau kumwambia. Mwezi wa Januari mama akanipigia akiuliza kama watu wa chama wamemtoa kwenye kikundi. Alikuwa ameshaanza kuwawekea kinyongo wanawake watatu hivi. Nilipofika nikamweleza kwamba simu ni nzima, betri ni nzima, kitufe ni kizima, ila WhatsApp yenyewe imeondoka. Akaniangalia kwa muda. "Imeondoka ikaacha mlango?" Kesho yake ndipo alipobandika plasta, kwa sababu kidole chake kilikuwa kinaendelea kwenda pale chenyewe.

Hilo ndilo tatizo la kifaa cha kazi moja, na sioni kama kuna dawa. Simu ya mambo mengi ikipoteza jambo moja inabaki na mengine. Kitufe kikipoteza kazi yake kinabaki kidonda.

Ungedhani basi ningekoma. Badala yake, miaka mitatu baadaye nilirudi kulekule kwa miguu yangu.

Biashara yangu ni hii. Nafika Gikomba alfajiri wakati belo za mitumba zinafunguliwa, nachagua kamera, yaani zile nguo za kwanza kabisa kabla mikono ya watu haijazivuruga. Fagia, yale mabaki ya mwisho, nawaachia wengine. Narudi nyumbani Umoja, napiga pasi, natundika, napiga picha, naweka kwenye status ya WhatsApp na Instagram. Mteja anaandika "bado iko?", namjibu, anatuma pesa, napeleka kwa mwenye bodaboda au kwa matatu. Kila kitu kilikuwa kwenye simu moja.

Siku moja mwaka 2022 nikiwa nimetundika magauni sita, mteja wangu wa Lang'ata, mtu anayenunua bila kubishana, akaandika kwamba anataka matatu. Nikafungua simu kumjibu. Juu ya ujumbe wake kulikuwa na kitu kingine, sikumbuki hata kilikuwa nini, nadhani mtu anayesafisha zulia. Unazijua hizo video: zulia chafu, maji, povu, maji meusi yanatoka. Nikatazama zulia. Likaja zulia lingine. Nilipoinua kichwa chai ilikuwa imeota ngozi juu, na dakika arobaini zilikuwa zimepita. Mteja wangu alikuwa ameandika tena: "Usijali mpenzi, nimepata kwa mwingine." Shilingi elfu moja mia nane na hamsini. Kwa mazulia ya watu nisiowajua.

Niliumia si kwa sababu ya pesa tu. Niliumia kwa sababu nilikuwa nimeingia kwenye simu kwa nia njema kabisa, kikazi, na nia hiyo haikunisaidia. Mlango wa kazi na mlango wa zulia ni mlango mmoja. Ndipo nikaikumbuka ile ya manjano.

Nikanunua simu ya mkono wa pili kwa fundi, elfu tano na mia tano, kioo kimechanika pembeni. Nikafuta kila kilichofutika. Nikabakisha WhatsApp Business, kamera, na basi. Instagram niliiacha kwenye simu yangu, iwe ya kutangaza tu. Halafu nikafanya jambo ambalo wengi hawajui linawezekana: laini ya biashara sikuiweka humo. Niliiweka kwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe. Unapoisajili WhatsApp, ile nambari ya siri inakuja kwa SMS kwenye kabambe, unaiandika kwenye simu ya pili, imeingia. Tangu hapo laini inakaa kwenye kabambe na WhatsApp inakaa kwenye simu isiyo na laini, inayopata intaneti kwa waifai ya nyumbani. Kila moja na kazi yake. Ya tatu, yangu mimi, ina mazulia.

Ndugu yangu mdogo aliziona zimepangwa mezani akauliza kama nimefungua duka.

Lakini wewe uliye Nairobi unajua si jambo geni. Ukipanda matatu yoyote angalia mikononi mwa watu. Mtu ana simu kubwa ya kupangusa na kabambe pembeni, katululu wengine wanaiita. Kubwa ni ya kuangalia, ndogo ni ya pesa. M-Pesa ilianza mwaka 2007, wakati simu zetu zilikuwa tochi na vitufe, na hadi leo haihitaji zaidi ya hapo: unaingia kwenye menyu ya laini, unaandika namba ya siri, umetuma. Chaji inakaa siku kadhaa. Mwizi wa dirishani akipitisha mkono pale kwenye foleni ya Jogoo Road, atachukua ile kubwa inayong'aa. Kabambe hata ukiiangusha mbele yake anaweza kukurudishia. Kwa hivyo wakati wengine huko nje wanaandika kuhusu kurudi kwenye simu za kawaida kana kwamba ni toba, hapa tumekuwa tukizigawia simu kazi zao bila kutoa hotuba.

Faida moja ya mpango huu sikuitarajia. Kabambe yangu ya biashara haipokei kitu ila SMS za M-Pesa. Hakuna anayenisalimia humo. Asubuhi moja mteja mpya ananiambia ametuma elfu mbili, kabambe ikalia, nikaangalia. Ujumbe umeandikwa vizuri, jina, kiasi, saa, kila kitu. Lakini haukukaa chini ya zile zingine za M-Pesa. Ulikuwa umekuja peke yake, kutoka nambari ya kawaida ya mtu, umeanza foleni yake. Kwenye simu yangu kubwa, yenye SMS za kampuni za kamari, za mikopo, za shule na za kanisa, ningeusoma juujuu na kutoa mzigo. Pale ulikuwa kama mtu aliyevaa viatu msikitini. Dakika mbili baadaye akapiga, kwa sauti ya mtu aliyechanganyikiwa, eti amezidisha elfu moja, nimrudishie. Nikamwambia asubiri kidogo nifinye. Bado anasubiri.

Kwa kazi yenyewe, mambo yalitulia. Saa tatu naketi kwenye stuli, simu ya kazi mbele yangu, kabambe mkono wa kushoto, daftari mkono wa kulia. Mteja anaandika, nampa bei, kabambe inalia, natia alama daftarini, naandika jina kwenye karatasi ya nailoni. Nikishamaliza kujibu, hakuna kitu kingine cha kufanya kwenye simu ile. Mara ya kwanza nilishtuka. Nilimaliza saa nne na robo, nikaendelea kuishika, nikafungua kamera nikaifunga, nikafungua mipangilio. Kidole kilikuwa kinatafuta zulia. Baada ya wiki mbili hivi kikazoea.

Nisikudanganye kwamba ni raha tupu. Soko lenyewe limebadilika. Kuna wasichana pale Gikomba wanaorusha picha belo ikiwa bado inafunguliwa, saa kumi na mbili na nusu, wateja wanagombania gauni kabla halijatoka vumbi. Mimi siwezi, kwa sababu simu ya kazi haina laini na nikitaka intaneti sokoni lazima niwashe hotspoti kwenye ile kubwa. Nilijaribu. Ukishaitoa kubwa mfukoni kuwasha hotspoti, umeitoa. Wiki ile nilirudi nyumbani na nguo chache kuliko siku zote, kwa sababu wakati wenzangu wameinama kwenye belo mimi nilikuwa nimesimama pembeni nikijibu mtu kuhusu harusi. Kwa hivyo nimekubali kuchelewa. Naweka picha nikifika nyumbani, nguo ikiwa imepigwa pasi na mwanga wa dirisha unaifaa. Wengine wameniacha, na siwalaumu. Waliobaki wananunua taratibu na hawarudishi.

Tena kuna kuzeeka. Ile simu ya fundi kila baada ya muda inaniambia nafasi imejaa, na WhatsApp kila mara inataka isasishwe. Najua hadithi hii inakoishia, nilishaiona na mama. Kuna asubuhi nitakayoamka niambiwe simu hii haifai tena, hali haijavunjika popote. Nimeanza kuandika namba za wateja kwenye daftari, kwa kalamu, ukurasa kwa ukurasa. Mama aliponiona akasema, "Sasa umeanza kuelewa."

Yeye mwenyewe sasa ana simu ya kupangusa niliyomnunulia. Niliweka WhatsApp ukurasa wa kwanza, peke yake katikati, nikaviondoa vialama vingine vyote. Inamsaidia, ila analalamika kwamba skrini haimjui. Anagusa inateleza, anagusa tena inafungua kitu kingine. "Ile ilikuwa inanisikia," huwa anasema, akimaanisha ule mlio mdogo wa kitufe kikishuka chini ya ukucha.

Juzi ndugu yangu mdogo amekuja na hoja. Anasema wateja wote wa rika lake wako TikTok, na mimi nimekaa na simu ya kujibu "bado iko?" kama opareta wa posta. Anataka aiweke TikTok kwenye simu ya kazi, ya biashara tu, ananiapia, nguo tu. Nikamuuliza akishaiweka, nani atakayeizuia isinionyeshe mazulia. Akacheka, kwa sababu anajua. Lakini pia ana haki kuhusu wateja, na hilo ndilo linalonikera. Tumebishana hadi chapati zikapoa. Mwishowe nikamwambia TikTok atafutiwe simu yake, ya nne, ikae kwake, yeye ndiye awe mfanyakazi wake. Akauliza nani atainunua.

Tumefika hapo. Mama amesema akikosa kabisa achukue ile ya manjano, mradi plasta isiguswe.